ADA YA UANACHAMA: TUNALIPIA NINI?

Somo la robo hii kwa kamati za maendeleo za sharika na kwa wafadhili wetu



Kamati inapokaa kupunguza bajeti ya mradi, kifungu kinachokatwa mapema mara nyingi ni kile cha ada za vyama. Mbegu zinaonekana, mizinga inaonekana, dawa ya mifugo inaonekana. Ada haionekani. Mfadhili naye akisoma taarifa ya fedha huuliza: fedha hii imeleta nini? Swali hilo ni la haki na linahitaji jibu la wazi. Lengo la somo hili ni kuzisaidia kamati kuamua lini kikundi au mtumishi ajiunge na chama, lini asubiri, na nani alipe ada hiyo.

1. Tutofautishe kwanza

Katika mazungumzo yetu vyombo vya aina tatu huchanganywa, na mchanganyiko huo huleta maamuzi mabaya.

Aina ya kwanza ni mabaraza na bodi zilizoundwa kwa sheria. Muuguzi wa zahanati yetu lazima asajiliwe na kuwa na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mhandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Hapa hakuna kuchagua. Kazi ya baraza ni kumlinda mgonjwa na mwananchi dhidi ya mtu asiye na sifa, na gharama ya leseni haipaswi kukatwa kwenye bajeti kwa hoja kwamba tutabana matumizi.

Aina ya pili ni vyama vya hiari vya wanataaluma, kama Chama cha Wauguzi Tanzania (TANNA) na Chama cha Madaktari Tanzania (MAT), ambacho kilianzishwa mwaka 1965. Hivi huwahudumia wanataaluma wenyewe: ujuzi wao, maadili yao na maslahi yao.

Aina ya tatu ni vyama vya wazalishaji na wafanyabiashara. Mifano ni MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima ulioanza mwaka 1993 na wenye makao Morogoro; TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo iliyoanzishwa mwaka 1988; na TAHA, chama cha wadau wa mboga, matunda na maua kilichoanzishwa mwaka 2004. Vyama vya ushirika viko jirani na kundi hili, ila vyenyewe hufanya biashara ya wanachama na vina sheria yao ya mwaka 2013.

Kujiunga na aina ya pili na ya tatu ni hiari. Ibara ya 20 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa mtu uhuru wa kushirikiana na wenzake, na pia inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Kwa hiyo hata kamati ya usharika haina haki ya kukiandikisha kikundi mahali ambapo wenyewe hawajakubali.

2. Somo kutoka Kilimanjaro

Historia ya kahawa ya Kilimanjaro inaonyesha faida na hatari za uanachama kwa pamoja. Mwaka 1925 wakulima Waafrika wa kahawa waliunda chama chao, KNPA, chini ya urais wa Joseph Merinyo. Walikuwa na sababu nzito. Walowezi wa Kizungu walitaka Mwafrika azuiwe kulima kahawa, wakidai kwamba mashamba yake yangeeneza magonjwa. Jibu la wakulima lilikuwa la vitendo: kupitia chama walipata dawa na vifaa vya kupambana na magonjwa ya kahawa, wakapata sauti mbele ya serikali, na wakauza mazao yao pamoja. Mkulima mmoja mwenye miche michache asingeweza kujibu hoja ya walowezi. Chama kiliweza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 bei ya kahawa duniani ilianguka na chama kikaingia katika matatizo ya fedha. Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU. Baadaye zikaja kanuni zilizowalazimisha wakulima kuuza kahawa yao kupitia chama. Mwaka 1937, bei ikiwa chini na wakulima wakiona hawasikilizwi, ghasia zilizuka. Tuangalie vizuri jambo hili: waliokasirika walikuwa ndio wenye chama. Kilikuwa bado kinaitwa chao, ila hawakuona tena kwamba wanakiongoza.

Pigo jingine lilikuja mwaka 1976, Serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika na kazi zao kupewa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 iliviruhusu virudi. Hata hivyo, wakulima walikwisha kujifunza kwamba kilicho chao kinaweza kuondolewa bila wao kuulizwa, na imani ya namna hiyo ikipotea hairudi kwa kutungwa sheria mpya.

Tunajifunza kwamba chama huwa na nguvu pale mwanachama anapolipa mwenyewe, anapoulizwa na anapoweza kuuliza. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, jina la chama linaweza kubaki huku wenye chama wameondoka.

3. Faida za kutarajia

Ya kwanza ni habari. Muuguzi aliye peke yake katika zahanati ya mbali hana mwenzake wa kumwuliza. Kupitia chama anakutana na wenzake na kusikia mabadiliko ya kazi yake mapema. Mkulima naye hupata kujua bei ya mahali pengine kabla mnunuzi hajafika shambani.

Ya pili ni mafunzo na viwango. Mnunuzi wa mboga za kuuza nje hutaka kujua dawa iliyopuliziwa na siku iliyopuliziwa. Kikundi kimoja hakiwezi kumlipa mtaalamu wa kufundisha kumbukumbu hizo. Vikundi vingi pamoja vinaweza.

Ya tatu ni nyaraka na kutambulika. Mtu anayetaka kupeleka bidhaa nje ya nchi anaweza kuhitaji cheti cha uasili wa bidhaa, na TCCIA ni mahali ambapo vyeti vya namna hiyo vimekuwa vikitolewa.

Ya nne ni sauti. Mwaka 2017 ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Vyama vya wakulima na wafanyabiashara vilikuwa miongoni mwa waliolalamikia ushuru huo kwa miaka mingi. Malalamiko ya mtu mmoja kwenye kizuizi cha barabarani huishia pale pale kizuizini.

4. Changamoto tusizozifumbia macho

Mfano huo wa ushuru unaonyesha pia changamoto ya kwanza: aliyelipa ada na asiyelipa walipata nafuu ile ile. Ndiyo maana wengine husema, "Wacha wenzetu walipe, sisi tutavuna." Wote wakifikiri hivyo, hakuna wa kupeleka malalamiko.

Changamoto ya pili ni gharama iliyofichika. Tuchukue mfano wa kikundi cha wafugaji nyuki 25 kinachotakiwa kulipa ada ya shilingi 100,000 kwa mwaka. Kila mmoja atatoa shilingi 4,000, na hilo linaonekana jepesi. Lakini mjumbe akihudhuria mkutano mkuu, nauli, chakula na malazi vinaweza kufika shilingi 120,000, na simu na nakala za karatasi shilingi 10,000. Jumla inakuwa shilingi 230,000, yaani shilingi 9,200 kwa kila mwanachama. Kikundi kisichofanya hesabu hii hulipa ada na kukosa nauli, hivyo hununua haki ya kupiga kura isiyotumika.

Ya tatu ni wakubwa kuwafunika wadogo. Kampuni yenye mashamba makubwa na kikundi cha akina mama wenye robo eka wanaweza kuwa chama kimoja, lakini ajenda zao hazifanani. Ya nne ni viongozi wasiobadilika, na wajumbe wanaokwenda semina kila mwaka bila kurudi na taarifa. Ya tano ni wingi wa vyama: kikundi kidogo kikijiunga na vyama vitatu, muda wa kazi unaisha vikaoni.

5. Nani alipe?

Hapa tunaomba wafadhili wetu watusikilize kwa makini, kwa sababu nia njema inaweza kudhuru. Mradi unapolipa ada yote ya kikundi, chama hupeleka taarifa kwa mradi, na kikundi hakiulizi fedha imefanya nini kwa kuwa haikutoka mfukoni mwake. Mradi ukifungwa, uanachama unakufa siku hiyo hiyo. Anayelipa ndiye anayeuliza.

Tunapendekeza utaratibu wa kupungua. Mwaka wa kwanza mradi uchangie si zaidi ya nusu ya ada, mwaka wa pili robo, na mwaka wa tatu kikundi kijitegemee. Fedha ya mfadhili itumike zaidi katika mambo yenye mwisho, kama nauli ya mafunzo ya kwanza au kuwafundisha wanachama kusoma hesabu. Kikundi kikishindwa kujilipia mwaka wa tatu, tusikimbilie kukilipia. Tuulize kama chama kile kiliwafaa kweli.

Kwa watumishi wenye taaluma, zahanati na shule zetu zihakikishe leseni za kisheria hazipitwi na wakati. Ada ya chama cha hiari ailipe mwenye taaluma. Mwajiri ampe ruhusa ya kuhudhuria mkutano, na akirudi apewe nusu saa ya kuwafundisha wenzake.

6. Kabla ya kujiunga

a) Ombeni katiba ya chama na isomwe kikaoni, hasa vifungu vya ada, kura, na namna ya kujitoa.

b) Ombeni hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita. Kwa vyama vya ushirika, ulizeni taarifa ya ukaguzi wa COASCO. Mali bila daftari hupotea bila habari.

c) Zungumzeni na wanachama wawili wa kawaida. Msiishie kwa viongozi.

d) Pigeni hesabu ya gharama yote, kama katika mfano wa nyuki hapo juu.

e) Chagueni mjumbe, na mpange tarehe atakayotoa taarifa kila anaporudi.

f) Andikeni katika muhtasari mambo mawili mnayotarajia kupata, na tarehe ya kutathmini baada ya miezi 12. Kama hayakupatikana na hakuna maelezo ya kuridhisha, kujitoa ni uamuzi halali na si usaliti.

7. Maswali ya majadiliano

1. Vikundi vya usharika wetu ni wanachama wa vyama gani, na nani hulipa ada?

2. Ni lini mara ya mwisho mjumbe wetu alileta taarifa ya mkutano? Iliandikwa wapi?

3. Kuna jambo gani linalowasumbua wazalishaji wetu ambalo kikundi kimoja hakiwezi kulitatua peke yake?

4. Mradi ukifungwa mwaka huu, ni uanachama gani utaendelea mwakani?

Kamati zitakazojadili somo hili zinaombwa kuleta muhtasari ofisi ya miradi kabla ya kuandaa bajeti ya mwaka ujao. Swali la nne lijibiwe hata kama jibu lake halipendezi, maana ndilo litakalotuonyesha mahali pa kuanzia.