Kitonga, Hilux ya baba, na somo la joto nililolifundisha vibaya

Anayekuja Iringa kwa basi kutoka Dar anaujua mlima Kitonga. Abiria wanaacha kupiga stori, dereva anashusha gia, na malori mbele yenu yanapanda kwa mwendo wa mzee anayetoka shambani. Pembeni hakukosi gari lililofunguliwa boneti, dereva ameshika kiuno, utingo ametumwa maji na dumu. Kwa miaka karibu miwili, mara kwa mara gari hilo lilikuwa letu.

Baba ana Hilux ya mwaka 1994, pikapu yenye injini ya dizeli ya 3L, cc 2,779, haina turbo. Anabeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, kule bondeni kwenye joto, kuvileta Iringa mjini. Ile sehemu ya ada ambayo mkopo wangu haukuigusa inatoka kwenye vitunguu hivyo. Kwa hiyo ninapoandika kuhusu rejeta msidhani nimehamia ufundi. Bado ni mwanafunzi wa ualimu, Fizikia na Hesabu, mwaka wa tatu. Ila hili limenifundisha joto kuliko mhadhara wowote, na limenionyesha kwamba nilisimama mbele ya watoto nikasema uongo bila kujua.

Nianze na siku yenyewe. Nilikuwa mwaka wa pili. Baba alikuwa anapanda Kitonga na mzigo, mshale wa joto ukaenda juu, akasimama. Utingo wake ni mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Kwa haraka akafungua mfuniko wa rejeta akiwa ameushika kwa fulana. Maji yalimrukia mkono mzima mpaka kwenye kiwiko, na alama anayo hadi leo. Wakamwagia mkono maji, wakajaza rejeta kidogo kwa yaliyobaki, wakaondoka wamwahishe hospitali. Mbele kidogo mshale ukashuka wenyewe. Baba akashukuru Mungu kwamba gari limepoa. Hazikupita kilomita mbili injini ikakosa nguvu, ikazima.

Mshale ulishuka kwa nini? Kihisi cha joto kinapima maji yanayokigusa. Maji yakishuka chini yake kinabaki kwenye mvuke na hewa, kinasoma uongo. Geji ilipomwambia baba "poa", chuma kilikuwa kinaungua. Gasketi ya silinda hedi ilikwenda, hedi ikachongwa, vitunguu vikauzwa pale pale barabarani kwa bei ya kutupa. Nyumbani kukawa na mazungumzo ya mimi kuahirisha mwaka. Sikuahirisha, maana mama alikopa kwenye kikundi chake.

Baada ya matengenezo hayo fundi alitoa themostati akaitupa. Alimwambia baba kile wanachoambiwa madereva wengi: hiyo ni ya nchi za baridi, huku kwetu inazuia maji tu. Baba akakubali. Gari likaendelea kuchemsha.

Miezi michache baadaye nikaenda mazoezi ya kufundisha, nikapewa Kidato cha Tatu, mada ya usafirishaji wa joto. Nikaona nina mfano hai. Nikachora rejeta ubaoni nikaeleza kwamba ukitoa themostati maji yanapita kwenye rejeta haraka mno, hayapati muda wa kupoa, ndiyo maana gari linachemsha. Nilikuwa nimelisikia mahali, likanikaa vizuri kichwani. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Madam, kama yanapita haraka, si yanarudi tena haraka kupoa?" Nikamjibu tutaliona kipindi kijacho. Mnalijua jibu hilo, wote tumelitumia.

Yule binti alikuwa sahihi. Kwenye mzunguko uliofungwa, kila tone linapita mara nyingi zaidi, na maji yanayokwenda kasi yanapeleka joto kwenye kuta za mirija vizuri zaidi kuliko yanayojikokota. Kosa la kutoa themostati liko kwingine, na nililiona gereji siku tuliponunua mpya. Themostati ya aina yetu ina visahani viwili. Cha juu kinafungua njia ya kwenda kwenye rejeta maji yanapofika nyuzi 82 hivi. Cha chini, wakati huo huo, kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa yote, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo ndani kama mtu anayezunguka stendi bila kupanda basi. Na asubuhi za Juni hapa Iringa injini inakaa baridi muda mrefu, moshi mzito, dizeli inaliwa bure.

Nilirudi kwa wale watoto nikafuta maelezo yangu ubaoni. Hawakucheka. Walifurahi, hasa yule wa nyuma.

Hesabu sasa, nitakwenda taratibu. Katika injini kama hii, kwa makadirio ya kawaida, theluthi moja hivi ya nishati ya dizeli inazungusha magurudumu, theluthi nyingine inatoka na moshi, na inayobaki lazima iondolewe na maji. Injini ya 3L inatoa kilowati zaidi ya 60 ikikazwa, kwa hiyo kwenye kupanda kwa mzigo maji yanabeba joto la kiasi kama hicho. Chukua birika la umeme la wati 2,000, lile tunaloficha hosteli. Weka 30 kwa pamoja. Hilo ndilo joto linaloingia kwenye maji lita 10 hivi.

Kilo moja ya maji inahitaji jouli 4,200 kupanda nyuzi moja. Gawanya jouli 60,000 za kila sekunde kwa 42,000, unapata karibu nyuzi moja na nusu kwa sekunde. Yaani rejeta ikiacha kazi kabisa, ukihesabu maji peke yake bila uzito wa chuma, kutoka nyuzi 90 hadi 115 ni chini ya sekunde 20. Kwa kweli chuma nacho kinachukua joto, hivyo muda unaongezeka, lakini si wa kumaliza kupiga simu.

Kwa nini nimetaja 115? Iringa iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95. Mfuniko wa rejeta wa 0.9 unaongeza mgandamizo karibu sawa na ule wa hewa yenyewe, maji yakavumilia hadi 115 hivi kabla ya kuchemka. Mfuniko uliochoka springi unakunyang'anya nyuzi 20 bila kelele. Na ndiyo maana mdogo wangu aliungua: maji ya nyuzi 110 yaliyotulia chini ya mfuniko, ukiufungua tu yanageuka mvuke papo hapo. Tangu hapo sheria yetu ni moja. Zima, subiri, minya mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu, acha. Na injini iliyochemsha haimwagiwi maji baridi, hedi inaweza kupasuka.

Likizo iliyofuata nilimwomba baba tulirekebishe kwa mpangilio. Alinitazama. "Mwalimu, mimi nimeendesha miaka 25." Nikamwambia shikamoo yako iko pale pale baba, mimi nataka kupima tu. Akacheka, ikawa ruhusa.

Swali la kwanza lilikuwa linachemsha wakati gani. Gari linalochemsha likiwa linakwenda kasi kwenye tambarare lina shida ya rejeta iliyoziba au maji yasiyozunguka, kwa sababu upepo lipo nao wa kutosha. Linalochemsha likipanda polepole na kupoa likishika kasi linakosa upepo. Letu lilikuwa la pili zaidi, na kidogo la kwanza. Kabla ya kutumia hata shilingi tuliwasha injini ikiwa baridi, mfuniko wazi, tukatazama kama mapovu yanapanda mfululizo. Yangepanda ingekuwa gesi ya mlipuko inavuja kwenye gasketi, na rejeta mpya isingesaidia kitu. Hayakupanda.

Halafu tukaangalia feni, na hapo ndipo nilishangaa. Kava la feni, lile la plastiki linaloizunguka na kuishika kwenye rejeta, halikuwepo. Lilitolewa siku ya gasketi, halikurudi. Bila kava feni inavuta hewa ya pembeni, ile ile ya moto ya kwenye injini, badala ya kuivuta kupitia mapezi ya rejeta. Kitu kilichokuwa kinatuumiza kuliko vyote kilikuwa kipande cha plastiki. Tulikipata kwenye pikapu iliyokufa, elfu thelathini.

Klachi ya feni nayo ilikuwa imechoka. Ndani yake kuna mafuta ya silikoni ambayo joto likizidi yanaiunganisha feni na pulley ili izunguke kwa nguvu. Zima injini ikiwa ya moto, izungushe feni kwa mkono: ikizunguka laini kama ya mezani, imekufa. Ya kwetu ilizunguka mara tatu nzima. Baba alitaka tuifunge kabisa na bolti, kama wanavyofanya wengine. Inapoza kweli, lakini inakula nguvu muda wote na inapiga kelele. Tukaagiza nyingine Gerezani, Dar.

Kuhusu feni ya umeme, wanafunzi wa uhandisi niliowauliza waliipigia debe. Inafaa gari dogo la mjini. Kwa pikapu inayopanda mlima na mzigo, feni ya mkanda yenye klachi nzima inasukuma hewa nyingi, haitegemei waya wala fyuzi, na alteneta yetu ya zamani isingelibeba lile. Hapo nilikuwa upande wa baba.

Rejeta yenyewe ilikuwa ya shaba, safu mbili za mirija, imejaa chokaa na kutu kwa sababu tulikuwa tunajaza maji yoyote, hata ya kisima. Chokaa inapitisha joto kwa shida sana ukilinganisha na shaba. Utando mwembamba tu unatosha kukuharibia. Fundi wa rejeta alitubadilishia sehemu ya katikati akaweka ya safu tatu, matangi akabakiza yale yale ya juu na chini. Hapo ndipo boom langu la robo ile liliishia, na nilikula maharage mpaka Aprili. Lakini safu ya tatu si uchawi. Inapata hewa ambayo safu mbili za mbele zimeshaipasha moto, kwa hiyo ungeweka rejeta hiyo bila kava wala klachi ungekuwa umetupa hela.

(Kwa wenzangu wa Fizikia: jina la rejeta linadanganya. Linatokana na mnururisho, lakini joto karibu lote linaondoka kwa hewa inayopulizwa kati ya mapezi. Swali zuri la mtihani hilo.)

Mfuniko mpya, mpira wa chini mpya kwa sababu wa zamani ulikuwa unajikunja ukivutwa na pampu, themostati ya 82 na kile kidude chake kinachotikisika kikiwa juu ili hewa itoke. Kisha kulanti nusu kwa nusu na maji safi. Kulanti inabeba joto kidogo kuliko maji matupu, lakini inapandisha kiwango cha kuchemka na inazuia kutu, na kutu ndiyo iliyotuua. Mwisho nikafunga geji ya pili ya namba, kihisi chake kwenye hedi, pamoja na kengele ya maji kupungua.

Tulipanda Kitonga Jumamosi na magunia ya vitunguu, mchana saa nane, mimi katikati, macho kwenye namba. Chini ilisoma 86. Nyuma ya lori la mafuta, gia ya kwanza, ikaenda 93, 96, 98. Baba hakusema neno. Kwenye 98 feni ikaunguruma kama basi linaloondoka, namba ikasimama, ikarudi 95. Mdogo wangu huko nyuma juu ya magunia alikuwa anapiga mluzi.

Kilichobaki ni wota pampu. Chini yake kuna tundu dogo la kutolea maji silii ikichoka, na wiki iliyopita baba ameniambia kwa simu kwamba ameona alama ya kijani ikikauka pale. Nimemwambia asisubiri nije likizo.