Maradhi ya Bata Bukini

SWALI: Dume letu la bata bukini, tuliyemlea tangu kifaranga hapa Mbezi Beach, hasimami tena. Ameacha kula, na kinyesi chake ni kijani. Nimempa dawa ya unga ya kuku, bila nafuu. Tunamlisha pumba, gunia lililoa maji ya masika, nikalianika. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, sitisha kwanza hiyo dawa ya unga, kwani maradhi yasiyojulikana hayana dawa, na ndege aliyekwisha kudhoofu hawezi kustahimili tiba ya kubahatisha. Kinyesi cha kijani kilichokushtua si ugonjwa wenyewe. Aghalabu ni nyongo itokayo kwa tumbo tupu. Mpapase kidari kwa upole: ikiwa mfupa wake umechongoka kama makali ya kisu, basi maradhi yamemkalia muda mrefu, ijapokuwa wewe umeyaona juzi, ama ikiwa nyama bado imejaa, amepatwa ghafula, na hapo shaka yangu huelekea kwenye sumu.

Yamkini imetoka dimbwini, kama lipo hapo kwenu, kwani maji yaliyotuama yenye mizoga ya panya huzaa sumu ya botulizimu, ambayo hulegeza miguu, kisha mabawa, hatima yake shingo, hata ndege akashindwa kuinua kichwa. Kwa hiyo asiachwe karibu na maji ya kina asije akazama. Lakini kilichonishughulisha zaidi ni lile gunia, ulilolitaja kwa maneno machache. Jua hukausha pumba, haliondoi sumukuvu iliyokwisha kuingia, na jamii ya bata ni dhaifu mno mbele yake. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya laki moja kwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu, na kwa msiba huo wataalamu wakaitambua sumu hiyo. Nayo ndiyo iliyowafika watu wa Dodoma na Manyara katika mahindi mwaka 2016. Litupe gunia, wala usiwape kuku kwa kuchelea hasara.

Mtenge mahali pakavu penye kivuli, juu ya nyasi nene, maana akilalia saruji kutwa kucha ngozi ya kidari huchubuka. Mpe maji safi katika chombo cha kumtosha kuzamisha kichwa aoshe pua na macho, na mchicha uliokatwakatwa. Nawa mikono kila umgusapo.

Kisha usikawie: mwite daktari wa mifugo, au uliza Wakala wa Maabara ya Veterinari kule Temeke, ukiwa na kinyesi cha asubuhi hiyo na konzi ya zile pumba. Akifa, mzoga uwekwe penye baridi pasipo kugandishwa, ufike maabara siku ile ile. Na tafadhali, asichinjwe mgonjwa kwa hoja ya kuokoa kitoweo.