Diski Isiyofunguka: Kusoma na Kubadili Mafaili ya Picha za Tiba

Mama mmoja aliletwa kliniki na mwanawe siku chache baada ya kuanguka. Kichwa kilikuwa kikimwuma, na kipimo cha CT alikwisha kufanyiwa katika mji mwingine. "Daktari, picha zote zimo humu," kijana alisema, akinikabidhi diski. Nilipoiingiza katika kompyuta nilikuta mafaili mengi yasiyo na kiendelezi, na kila nililolibofya halikufunguka. Kijana akanionyesha simu yake: alikuwa na picha moja, iliyopigwa kutoka kwenye kioo cha kompyuta. Haikuonyesha tatizo lolote. Nilikaribia kuitegemea.

Hali hii huwakuta wengi wetu. Baadhi huagiza kipimo kirudiwe, na mgonjwa hulipa mara ya pili na kupigwa mionzi mara ya pili, ilhali majibu yamo mfukoni mwake.

Ni faili la aina gani?

Kompyuta hukisia aina ya faili kwa kutazama kiendelezi, yaani herufi zinazofuata nukta mwishoni mwa jina. Picha za CT na MRI huhifadhiwa katika muundo uitwao DICOM. Chimbuko lake ni kiwango kilichochapishwa nchini Marekani mwaka 1985, na jina la DICOM lilianza kutumika mwaka 1993. Mafaili yake huwa na kiendelezi cha dcm, au hayana kiendelezi kabisa. Kitambulisho chake kimo ndani: baada ya baiti 128 za mwanzo hufuata herufi nne, DICM.

Kwa hiyo, kuandika jpg mwishoni mwa jina hakubadili kilichomo. Ni sawa na kubandika lebo ya parasetamo juu ya chupa ya dawa nyingine.

Namna ya kufungua

Kwanza, kagua diski kwa programu ya kuzuia virusi, kisha nakili folda nzima bila kubadili jina lolote. Pili, tafuta faili liitwalo DICOMDIR; hilo ni orodha ya yaliyomo, na uwepo wake hukuthibitishia aina ya mafaili. Tatu, tumia programu ya kusomea. Diski nyingi huja nayo. Isipokuwapo, mwombe fundi wa kompyuta wa kituo akuwekee mojawapo, kama vile Weasis, MicroDicom kwa Windows, au Horos kwa Mac. Nne, fungua folda nzima badala ya faili mojamoja, kwa sababu kila faili kwa kawaida ni kipande kimoja tu cha mwili. Tano, kabla ya kutazama ugonjwa, linganisha jina, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kipimo na mgonjwa aliye mbele yako.

Kufungua picha si kuitolea majibu. Programu nyingi za bure hazikuidhinishwa kwa uchunguzi wa ugonjwa, na tafsiri hubaki kazi ya mtaalamu wa radiolojia.

Kinachopotea tunapobadili

Katika CT, kila nukta ya picha hubeba kipimo cha Hounsfield: maji ni 0, hewa ni −1000. Ubongo huwa takribani 25 hadi 40, na damu mbichi iliyoganda takribani 50 hadi 80. Picha ya kawaida ya jpg ina madaraja 256 tu ya kijivu. Tuseme tumeihifadhi kwa mpangilio wa kutazama mifupa, wenye upana wa vipimo 2000. Tofauti ya vipimo 30 kati ya ubongo na damu itabaki na madaraja manne hivi, ambayo jicho halitayaona. Kwa mpangilio wa ubongo, wenye upana wa 80, tofauti ileile hupata madaraja 96. Katika faili la DICOM unaweza kuhama kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine. Katika jpg, uliochaguliwa wakati wa kuhifadhi ndio wa mwisho.

Badili basi kwa ajili ya kufundishia au kumweleza mgonjwa, na daima tunza mafaili ya asili.

Siri ya mgonjwa

Usipakie mafaili haya katika tovuti za kubadilishia mafaili. Ndani yake mna jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya hospitali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zote huzitambua taarifa za afya kuwa nyeti. Hata baada ya kubadili, hakikisha jina halikubaki limeandikwa pembeni mwa picha.

Kwako mgonjwa

Unapopimwa, omba diski pamoja na majibu ya maandishi. Ikinge dhidi ya jua na mikwaruzo, weka nakala ya folda nzima, na uje nayo kila unapopewa rufaa. Picha ya simu isaidie mazungumzo tu, isichukue nafasi ya diski.

Yule mama tulimwomba asubiri kidogo huku programu ikiwekwa. Tulipofungua folda nzima kwa mpangilio wa ubongo, tuliona utando mwembamba wa damu chini ya fuvu. Siku hiyohiyo alikwenda kwa madaktari wa upasuaji wa ubongo, diski yake mkononi.