Mtoto Atalala Lini Usiku Kucha?

Mtoto mchanga haamki usiku kwa ukaidi. Tumbo lake ni dogo, na maziwa ya mama humeng'enywa upesi. Ndiyo maana huamka kila baada ya saa 2 au 3 ili anyonye. Kati ya miezi 3 na 6 wengi huanza kulala saa 5 au 6 mfululizo, ingawa wengine huchelewa. Msidanganyike kumpa uji ili alale kabla hajatimiza miezi 6. Waweza kumletea kuhara.

Nawe baba, usikimbilie kochi la sebuleni. Mama akishanyonyesha, mpokee mtoto, mpigepige mgongoni atoe hewa, mbadilishe nepi, kisha umlaze chali. Hapo mama atapata usingizi, nanyi mtaepuka maneno makali ya asubuhi.