MBWA WA NYUMBANI NI MWALIMU WA WATOTO



Wengi wetu tuna watoto wadogo nyumbani ambao bado hawajaanza darasa la kwanza. Wana miaka 4, 5 au 6. Mara nyingi tunasema, "Huyu bado mdogo, atafundishwa shuleni." Lakini mtoto hangoji shule. Anajifunza tangu asubuhi mpaka usiku. Anajifunza kwa kuku, kwa moto, kwa jembe na kwa mbwa.

Leo tutasoma jinsi ya kuwafundisha watoto wetu kwa kutumia mbwa. Kwa nini mbwa? Kwanza, mbwa yuko karibu katika kila kijiji. Ziko nyumba zisizofuga mbwa kwa sababu ya dini au mila, lakini watoto wa nyumba hizo hukutana naye njiani. Pili, watoto hupenda kumtazama mbwa, na mtoto hujifunza upesi kitu anachokipenda. Tatu, mbwa anaweza kuwa na ugonjwa wa kichaa, na ugonjwa huo huua. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, karibu 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Basi somo hili ni la kusoma na kuhesabu, na pia ni la kuokoa maisha.

Huhitaji kununua kitu. Tafuta kijiti, mchanga, mahindi machache na sabuni. Mbwa mwenyewe muacheni alale kivulini. Michezo yote hii huchezwa bila kumshika.

MCHEZO WA KWANZA: NENO MBWA

Mwambie mtoto apige makofi akitamka neno hili polepole: m-bwa. Ni makofi mawili. Sasa jaribuni majina mengine. Pa-ka, makofi mawili. Ku-ku, makofi mawili. Ko-ndo-o, makofi matatu. Mtoto akijua kuvunja neno kwa makofi, ameanza kusoma kabla hajashika kalamu.

Halafu andika MBWA mchangani kwa kijiti. Andika kwa herufi kubwa. Mtoto apitishe kidole chake juu ya kila herufi. Akishazoea, tafuteni maneno mengine yenye sauti bwa, bwe: bwana, bwawa, bweka, bweha. Unakumbuka darasa letu la kisomo? Na sisi tulianza hivyo hivyo, silabi kwa silabi. Sasa zamu yetu ya kufundisha imefika.

MCHEZO WA PILI: KUHESABU

Mbwa mmoja ana miguu 4. Weka punje 4 za mahindi. Mbwa wawili wana miguu mingapi? Mtoto aongeze punje 4, kisha ahesabu zote: 8. Mbwa watatu? 12. Usimtajie jibu haraka. Muache ahesabu kwa kidole, hata akikosea mara mbili tatu.

Siku ya mvua, tafuteni nyayo za mbwa kwenye tope. Hesabuni alama za vidole. Utaona vidole 4, na mbele ya kila kidole alama ya ukucha. Kisha tafuteni nyayo za paka. Nazo zina vidole 4, lakini kwa kawaida kucha hazionekani, maana paka huficha kucha zake anapotembea. Muulize mtoto: "Nani kapita hapa, mbwa au paka?" Atainama, atatazama, atafikiri. Hiyo ndiyo elimu.

MCHEZO WA TATU: KUMSOMA MBWA

Mbwa hasemi kwa maneno, lakini mwili wake husomeka kama barua. Kaeni mbali kidogo, mtazameni mbwa, na mtoto aeleze anachokiona.

Mbwa aliyelegea mwili, mdomo wazi, masikio yametulia, huyo ametulia. Mbwa aliyeingiza mkia katikati ya miguu, huyo anaogopa. Mbwa mwenye hofu naye hung'ata. Mbwa aliyesimamisha manyoya ya mgongoni, aliyekaza mwili, anayetoa meno na kunguruma, huyo anasema: "Usinisogelee!" Na tusidanganyike na mkia peke yake. Si kila mbwa anayetikisa mkia amefurahi.

Sasa ulizana na mtoto. Yeye ajibu "ndiyo" au "hapana".

"Mbwa anakula. Nimguse?" Hapana.
"Mbwa amelala. Nimrukie?" Hapana.
"Mbwa ana watoto wake. Nimchukue mmoja?" Hapana.
"Mbwa amefungwa kamba. Nimsogelee?" Hapana.
"Mbwa simjui. Nimwite?" Hapana.
"Mbwa wetu ametulia na baba yupo. Nimwekee maji?" Ndiyo.

Rudieni mchezo huu mara nyingi. Siku moja mtoto atakuambia mwenyewe, "Mama, mbwa huyu kasema hapana." Hapo ujue somo limeingia.

MCHEZO WA NNE: MTI NA JIWE

Mbwa hufukuza kinachokimbia. Mtoto akikimbia na kupiga kelele, anamwita mbwa amfuate. Kwa hiyo tuwafundishe watoto kuwa mti.

Mtu mzima ajifanye mbwa. Watoto wacheze uwanjani. "Mbwa" akija akibweka, kila mtoto asimame palepale. Mikono iwe mwilini, macho yatazame chini kwenye vidole vya miguu, mdomo ufungwe. Mti hausemi, mti haukimbii. "Mbwa" atanusa, ataona hakuna mchezo, ataondoka. Mtoto angoje mpaka mbwa aende mbali, halafu atembee polepole kwenda kwa mtu mzima.

Je, mbwa akimwangusha mtoto? Hapo awe jiwe. Ajikunje, uso chini, mikono ifunike shingo na masikio. Fanyeni zoezi hili mpaka watoto waweze bila kuambiwa. Siku ya hatari hakuna nafasi ya kufikiri.

MCHEZO WA TANO: PUNJE 15 ZA KUNAWA

Kichaa cha mbwa kimo katika mate ya mnyama mgonjwa. Kinaingia mwilini kwa kung'atwa, kwa kukwaruzwa, au mate yakigusa kidonda. Jambo la kwanza la kufanya ni kuosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15.

Lakini nyumba nyingi hazina saa. Dakika 15 tutazijuaje? Chukua punje 15 za mahindi. Mmoja amwage maji, mwingine ahesabu polepole 1 mpaka 60. Akifika 60, asogeze punje moja. Aanze tena. Punje zote 15 zikiisha kusogezwa, dakika 15 zimekaribia kutimia. Jaribuni mchezo huu kwa kupaka mkaa kwenye mkono wa mtoto, kisha mwosheni. Mtoto mdogo atasogeza punje, mkubwa atahesabu. Mtaona kwamba dakika 15 ni ndefu kuliko tulivyodhani. Wengi huosha kwa muda mfupi tu, wakaona inatosha. Haitoshi.

JERAHA LINALOFICHWA

Sasa tuwaambie jambo la kwetu wenyewe. Sisi tunaoandika somo hili tulikulia kijijini. Tulipokuwa wadogo, tuliwarushia mbwa mawe tukitoka kuchunga. Siku moja mmoja wetu aling'atwa kisiginoni. Hakusema. Alijua akisema ataulizwa, "Ulimfanya nini mbwa wa watu?" na fimbo itafuata. Alificha siku tatu, akivaa suruali ndefu na kuchechemea. Mama yake alipogundua, jeraha lilikuwa limevimba. Bahati yake mbwa yule hakuwa na kichaa, na mtoto alipona. Lakini ilikuwa bahati tu.

Ndugu wazazi, hapa ndipo penye hatari kubwa. Mtu aliyeambukizwa kichaa cha mbwa haumwi siku ileile. Mara nyingi dalili huanza baada ya miezi 2 au 3. Zinaweza kuanza baada ya wiki moja, au zikachelewa hata mwaka. Na dalili zikishaanza, mgonjwa karibu hakika atakufa. Lakini akipata chanjo mapema, kabla ya dalili, huokoka. Tangu tarehe 6 Julai 1885, huko Ufaransa, Louis Pasteur alipoanza kumchanja mtoto wa miaka 9 aliyekuwa ameng'atwa, watu wengi sana wameokolewa na chanjo.

Basi mtoto anayeogopa fimbo kuliko mbwa, yumo hatarini. Mwambie leo, kabla halijatokea: "Mbwa akikung'ata, akikukwaruza au akilamba kidonda chako, njoo uniambie. Sitakuchapa, hata kama wewe ndiye uliyemchokoza." Kisha timiza neno lako. Habari ya mawe mtaizungumza siku nyingine, baada ya hospitali.

MTOTO AKING'ATWA TUFANYE NINI?

1. Tuoshe jeraha kwa sabuni na maji kwa dakika 15.
2. Tusipake majivu, pilipili, mafuta ya taa wala majani.
3. Twende zahanati au hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Tusingoje kuona mbwa atakuwaje.
4. Chanjo hutolewa zaidi ya mara moja. Turudi kila tarehe tuliyoandikiwa. Wewe unajua kusoma: soma kadi, zitie alama siku hizo kwenye kalenda.
5. Tumpe habari afisa mifugo. Mbwa akijulikana, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10 kwa maelekezo ya afisa huyo.

Ulizeni mapema kwenye zahanati yenu: chanjo hii hupatikana wapi, na gharama yake ni kiasi gani? Swali hilo si la kuuliza usiku mtoto akilia.

Na dawa ya kuzuia balaa hili ni kuchanja mbwa kila mwaka. Katika kila mbwa 100, wakichanjwa 70, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Siku ya chanjo, tupeleke hata mbwa wadogo. Wahenga walisema, mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mbwa hufuata malezi ya mwenyewe, na mtoto vilevile. Mzazi anayempiga mbwa mawe anafundisha mawe. Mzazi anayempa mbwa maji na chanjo anafundisha huruma na akili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtoto asikimbie anapomwona mbwa?
2. Taja alama tatu za mbwa anayesema "usinisogelee".
3. Je, katika kijiji chetu watoto huficha majeraha? Tufanye nini?
4. Mbwa wa jirani alizaa watoto 6. Alimpa shangazi 2 na babu 1. Wamebaki wangapi?
5. Kijiji kina mbwa 200. Kama katika kila 100 wachanjwe 70, wachanjwe wangapi?

ZOEZI LA KUANDIKA

Andika sentensi tano kuhusu mbwa wa nyumbani kwako au wa jirani. Kisha msomee mtoto wako kwa sauti, na umwonyeshe neno MBWA kila linapotokea.

Majibu ya hesabu: swali la 4 ni 3, swali la 5 ni 140.