Wiki ya Kwanza Shule Mpya: Kwa Kijana wa Salama Aliyeitwa Sekondari

Barua ya kujiunga na shule imefika, umeisoma mara tatu na bado moyo haujatulia. Si wewe peke yako. Mtihani wa KJSEA, ule wa kumaliza gredi ya 9, ulifanywa mara ya kwanza mwaka 2025, na Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 10 wakaingia sekondari pevu, yaani ile miaka mitatu ya juu ya sekondari. Walipofika waliwakuta Kidato cha Tatu na cha Nne tu, maana Kidato cha Kwanza cha mwisho kiliingia 2024.

Uende na nini? Fuata orodha ya shule, wala usiipite. Beba barua yenyewe, nakala ya cheti cha kuzaliwa, matokeo yako na fomu ya afya iliyojazwa na daktari. Sanduku la bati mwulize fundi bei kabla ya wiki ya kufungua, kwa sababu wiki hiyo kila mtu analitaka. Ndoo na beseni andika jina lako kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa. Ndoo za bwenini hufanana kama mayai, na ugomvi mwingi wa siku za mwanzo chanzo chake ni ndoo.

Karo je? Ukiitwa shule ya kutwa, masomo yanalipiwa na serikali. Nyumbani watagharamia hasa chakula cha mchana na sare. Kwa bweni, viwango vilivyowekwa na Wizara ya Elimu mwaka 2015 ni shilingi 53,554 kwa mwaka katika shule za kitaifa na 40,535 katika shule nyingi nyingine za bweni. Malipo hugawanywa asilimia 50, 30 na 20 kwa mihula mitatu. Kwa hiyo kwa karo ya 40,535, muhula wa kwanza ni kama 20,268. Barua ikitaja zaidi ya hapo, mzazi aulize ofisini kabla ya kulipa. Pesa ziingie kwenye akaunti ya shule, zisipitie mkononi mwa mtu, na risiti itunzwe.

Safari pia ipangwe. Kwa mfano, anayetoka mjini Salama kwenda shule ya Kitui hupanda gari la kuelekea Nairobi, hushuka Kyumvi kwenye makutano, huingia Machakos mjini, kisha hutafuta gari la kupitia Masii na Wamunyu. Ukiwa na sanduku, hiyo ni kazi ya siku nzima. Ondoka alfajiri ufike kukiwa na mwanga wa kutosha kutandika kitanda na kujua choo kiko wapi.

Sasa swali linalokunyima usingizi: marafiki nitawapata wapi? Watu hudhani urafiki huanzia ukumbini, siku za kuelekezwa, mwalimu akiwataka msimame mtaje majina. Hapo kila mtu ana woga, na majina hayakai kichwani. Huku kwetu Ukambani, ambako maji ni ya kuhesabu, urafiki huanzia kwenye foleni ya tangi. Bado giza, ndoo zimepangwa ukutani, mfereji unatiririka kama uzi. Una nusu saa na mtu aliye mbele yako. Mwulize jina, ametoka wapi, bweni lake lipi. Ndoo yake ikijaa, msaidie kuinyanyua. Jioni mkikutana kwenye sahani ya muthokoi, mwite kwa jina lake. Kijana aliyesikia jina lake siku ya kwanza kutoka kwa mtu asiyekuwa mwalimu hulala vizuri usiku ule.

Usijaribu kununua marafiki kwa biskuti na maziwa ya unga. Kugawa ni vizuri, lakini wanaolifuata sanduku huondoka likiisha. Heri mtu wa kufanya naye kazi: mnapiga deki pamoja, mnafuatana kwenda maktaba. Katika sekondari pevu kila mmoja huchagua masomo matatu, kwa hiyo jirani yako wa bwenini huenda asikae nawe darasani. Hiyo ni faida kwako, maana unapata makundi mawili ya kufahamiana nayo.

Na hili nawaomba kwa dhati ninyi mlio wengi. Katika shule zetu za Makueni na Kitui, Kikamba hutawala mazungumzo bila mtu kukusudia. Kukiwa na mwenzenu aliyetoka Turkana au Kisumu, geuzeni maneno yawe Kiswahili akiwa bado amesimama hapo. Asipoelewa kicheko chenu atadhani anachekwa yeye.

Je, wakubwa wakikunyanyasa? Kumtuma mgeni amfulie mtu nguo, kumnyang'anya vitu au kumpiga si desturi ya shule, ni kosa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza kumpiga mwanafunzi na kumtesa kiakili. Mwambie mwalimu wa zamu, matroni au mwalimu wa ushauri nasaha, siku ile ile. Ukishindwa kusema shuleni, piga 116, simu ya kuwasaidia watoto. Haina malipo na hupokewa usiku na mchana.

Wiki mbili za kwanza huenda ukalia. Wengi hulia, hata wale unaowaona wakicheka uwanjani. Jipe muhula mmoja kabla ya kuomba kuhamishwa, isipokuwa kama unadhulumiwa.

Nawe mzazi, mtoto akirudi likizo fupi ya katikati ya muhula, usianze na alama. Mwulize majina ya wenzake watatu. Akikosa hata moja, mpigie mwalimu wake wa darasa wiki hiyo hiyo.