"Put off" si "call off": Somo la vitenzi vya maneno mawili katika ilani za Kiingereza

Tuseme mzazi wa Balambala amepokea ujumbe huu kwenye simu: "The bursary interviews have been put off until Thursday." Anajua "put" ni kuweka. "Off" analijua pia, kwani ndilo neno lililo kwenye swichi ya taa. Anayaunganisha hayo mawili na kuamua kwamba mahojiano ya basari yamefutwa. Alhamisi anashughulikia mifugo yake. Kumbe ujumbe ulisema mahojiano yameahirishwa hadi siku hiyo, na jina la mwanawe linaitwa bila mtu kuitika.

Mzazi huyo alijua maneno yote mawili. Kilichomponza ni kwamba Kiingereza kina vitenzi vinavyoundwa kwa kuambatanisha kitenzi cha kawaida na neno dogo kama "off", "in", "up", "down" au "out". Walimu huviita "phrasal verbs". Maana ya vingi kati yake haipatikani kwa kujumlisha maana ya kila neno. Yakishaungana, maneno hayo huwa kitenzi kipya.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, fomu, barua na ilani nyingi za zabuni bado huandikwa kwa Kiingereza. Kwa hivyo ni vyema mkazi avifahamu vitenzi hivi.

Wazungumzaji wa Kisomali wana mahali pazuri pa kuanzia

Kisomali nacho hubadilisha maana ya kitenzi kwa maneno madogo. "Wad" ni kuendesha, lakini "sii wad" ni kuendelea, kama "carry on" ya Kiingereza. "Dhig" ni kuweka, lakini "dib u dhig" ni kuahirisha, sawa kabisa na "put off". Tofauti ni kwamba katika Kisomali neno dogo hutangulia kitenzi, na katika Kiingereza hukifuata. Kiswahili hufanya kazi hiyo ndani ya kitenzi chenyewe: funga, fungua, fungia.

Vitenzi vinavyokutwa mara nyingi

Katika fomu na barua:
- "Fill in" ni kujaza fomu.
- "Hand in" ni kuwasilisha au kurudisha fomu ofisini.
- "Turn down" ni kukataa ombi.
- "Look into" ni kuchunguza jambo, kwa mfano malalamiko.

Katika ilani za mikutano:
- "Put off" ni kuahirisha. Mkutano bado upo, ila siku imebadilika.
- "Call off" ni kufuta. Mkutano haupo tena.
- "Turn up" ni kujitokeza, kufika.

Katika tahadhari za afya na mafuriko:
- "Break out" ni kuzuka, kama kipindupindu kinapozuka.
- "Run out" ni kuisha, kama dawa au maji yanapoisha.
- "Cut off" ni kukata mawasiliano au njia. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili 2024 yalipoikata barabara ya Garissa kuelekea Nairobi upande wa Madogo, kwa Kiingereza ilisemwa kuwa barabara iko "cut off".

Kitenzi kimoja, maana mbili

"Set aside" kinahitaji uangalifu. Katika bajeti au zabuni, maana yake ni kutenga. Sheria inataka asilimia 30 ya ununuzi wa serikali itengewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na Kiingereza husema fungu hilo ni "set aside". Lakini mahakamani, uamuzi ukiwa "set aside", umetenguliwa. Kinachoamua maana ni mahali kitenzi kilipotumika, kwa hivyo soma sentensi nzima kabla ya kuamua.

Kanuni moja ya sarufi

Vitenzi vingine hukubali kutenganishwa. Mtu aweza kusema "fill in the form" au "fill the form in". Lakini kitu kikitajwa kwa "it" au "them", lazima kiingie katikati: "fill it in", wala si "fill in it". Vingine havitenganishwi kamwe: husemwa "look into it", si "look it into". Watahiniwa wa KCSE wazingatie hili, kwani vitenzi hivi hutahiniwa katika sehemu ya sarufi ya karatasi ya pili ya Kiingereza.

Ukikutana na kitenzi kigeni, tafuta kitenzi kikuu katika kamusi ya Kiingereza. Kwa "put off", fungua "put", kisha shuka hadi ukute maneno yote mawili pamoja.

Zoezi

Jaza pengo kwa kutumia "cut off", "turned down" au "hand in".
1. "The village has been ___ by floods."
2. "Please ___ your form before Friday."
3. "Her request was ___ because one document was missing."

Majibu: 1. "cut off", 2. "hand in", 3. "turned down".

Neno likikutatiza kwenye barua au ilani, uliza kabla siku haijapita. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Kiswahili ni lugha rasmi. Mwombe afisa akueleze kwa Kiswahili, na umuulize wazi: jambo hili limeahirishwa, au limefutwa?